Kigae cha Bibi

Mkono wangu wa kushoto una kovu linaloanzia kwenye kiganja hadi karibu na kiwiko. Hapa kambini wenye makovu ni wengi, na tuna adabu ya kutoulizana. Mtu akiliona langu anajijibu mwenyewe kimoyomoyo, halafu anatazama pembeni. Mara nyingi nimewaacha watu wafikiri wanavyofikiri. Lakini ukweli ni kwamba kovu hili hakunitia mtu. Nilijitia mwenyewe mwaka 2009, Nyanza-Lac, kwa kutupa kipande cha chungu kilichovunjika ndani ya pipa la mawese.

Nataka kusimulia habari ya kipande hicho. Nilikuwa nadhani ni jambo la jikoni kwetu tu. Kumbe kuna watu wa Paris, Lausanne na Berlin waliosumbuka nalo kwa zaidi ya miaka mia, na mmoja wao alikufa ugenini, mkimbizi kama sisi.

Nianze na Bibi. Alizaliwa Nyanza-Lac, kule ambako barabara ya ziwani inayotoka Bujumbura kupitia Rumonge inakaribia mpaka wa Tanzania. Ukanda ule ndio nchi ya mawese ya Burundi: uwanda mwembamba kati ya ziwa na milima, joto jingi, michikichi kila upande. Kukamua mafuta alifundishwa na mama yake. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza Rumonge na Nyanza-Lac, watu wakauawa. Kisha ukaja mkono wa serikali ya wakati ule, nao haukuishia ziwani wala haukuchagua mwenye kosa na asiye na kosa. Uliingia nchi nzima, ukaua makumi kwa makumi ya maelfu. Bibi akavuka mpaka akiwa na Mama, binti wa miaka sita. Wakapelekwa Ulyankulu, mkoa wa Tabora.

Ulyankulu hakuna mchikichi. Ni nchi ya mahindi na tumbaku. Bibi alikaa huko miaka 36 bila kukamua hata chupa moja. Mimi nilizaliwa huko mwaka 1996, na mpaka nafikisha miaka kumi na miwili mawese kwangu yalikuwa kitu cha dukani. Mwaka 2008, wakati wakimbizi wa 1972 walipoulizwa nani anabaki kuwa raia wa Tanzania na nani anarudi, Bibi hakufikiri mara mbili. Akasema anarudi kwenye michikichi yake.

Michikichi ilikuwepo, lakini ilikuwa na watu. Waliorudi Rumonge na Nyanza-Lac miaka ile wanajua habari hiyo, sina haja ya kuirefusha: unakuta mtu amezaliwa kwenye shamba lako, amezikia wazazi wake hapo, na yeye pia ana haki ya kulia. Baada ya vikao vingi vya wazee tukagawana. Tukapata nusu, na pipa la kuazima.

Kwa wasioyajua mawese, kazi inakwenda hivi. Vichane vya chikichi vinakatwa, vinaachwa siku chache hadi tunda liachie lenyewe. Matunda yanachemshwa ndani ya pipa saa kadhaa mpaka nyama yake ilainike, kisha yanatwangwa au kukamuliwa kwa mashine ya mkono. Kinachotoka ni rojo jekundu, mafuta na maji na nyuzinyuzi pamoja. Rojo hilo linarudishwa motoni pamoja na maji mengine. Mafuta yanapanda juu, maji yanabaki chini, nawe unayaengua mafuta taratibu.

Hatari iko kwenye hatua hiyo ya pili. Maji yako chini, karibu na moto. Mafuta yako juu kama mfuniko. Juu unaona kimya. Chini maji yamepata moto kupita kiasi, yanatafuta pa kutokea. Ghafla yanaruka, na yakiruka yanayabeba mafuta.

Dawa ya Bibi ilikuwa vigae. Siyo vigae vya bati wala vya sahani, bali vya chungu cha udongo, kile kinachofinyangwa na Batwa na kuchomwa kwa nyasi na kuni bila kupakwa rangi wala kung'arishwa. Alikuwa anavunja chungu kilichopasuka, anapata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, anavitia sita au saba chini ya pipa. Palipo na kigae, maji yanachemka kwa utulivu: mlolongo wa viputo vidogo unapanda pale pale, mmoja baada ya mwingine, kama watoto wanaotoka darasani kwa mstari.

Alikuwa na sheria tatu. Ya kwanza: kigae kiwe kikavu. Ya pili: kigae kilicholala ndani ya maji kimekufa, na hakirudi kazini mpaka kianikwe juani au kikae siku nzima juu ya mafiga. Ya tatu, aliyoisema kwa kidole: "Kigae kinaingia na baridi. Usikitie kwenye moto."

Nilimuuliza kwa nini. Akasema mama yake alisema hivyo.

Siku ile Bibi alikuwa ameitwa kwa jirani. Niliona uso wa mafuta umetulia kabisa, nikakumbuka kwamba nilisahau vigae. Nikaokota kimoja chini, nikakitupa ndani. Sikumbuki sauti. Nakumbuka nimeona wekundu unanijia, na nikainua mkono wa kushoto kulinda macho. Mkono ukalipa.

Bibi alifariki mwaka 2014. Sheria zake tatu zilibaki kwangu kama kitendawili, na kovu likiwa ndilo swali.

Jibu nililipata hapa Nyarugusu, darasani. Mwalimu wetu wa kemia, Mrundi mwenzetu, alikuwa na bomba moja la kioo na taa ya spiriti. Kabla ya kuwasha, akatia ndani vipande viwili vidogo vya kauri isiyong'arishwa. "Hivi ni vya kuzuia maji yasiruke," akasema. "Tunavitia kabla ya kuwasha. Ukivitia maji yakiwa ya moto sana, yatakulipukia usoni. Na vikishapoa ndani ya maji, havifai tena mpaka vikaushwe."

Nilikaa pale nikiwa mtu mzima wa miaka ishirini, machozi yananitoka, wenzangu wananishangaa. Zilikuwa sheria tatu za Bibi, neno kwa neno.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, usiku, kwenye simu, pale mtandao unapokubali. Nilichokipata nakieleza kwa lugha ya jikoni.

Sisi tunadhani maji yakifika nyuzijoto mia yanachemka tu, kama mtu anayefika mlangoni na kuingia. Sivyo. Ili maji yachemke lazima kiputo kizaliwe, na kuzaliwa kwa kiputo ni kazi ngumu. Maji yanajivuta pamoja. Ndiyo maana tone linakuwa duara. Kiputo kikiwa kidogo mno, mvuto huo unakikamua mpaka kinakufa kabla ya kukua. Kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo kinavyokamuliwa zaidi. Kwa hiyo kiputo hakianzi kutoka sifuri. Kinahitaji mahali ambapo hewa kidogo au mvuke kidogo umejificha tayari: mkwaruzo, ufa, kitundu. Maji yanapomiminwa juu ya kitundu hayaingii mpaka mwisho. Chini kunabaki chembe ya hewa. Hiyo chembe ndiyo mbegu. Mvuke unaingia ndani yake, unavimba, unakatika, unapanda. Kinachobaki kitunduni ni mbegu ya kiputo kinachofuata.

Sufuria ikiwa laini kabisa, bila mbegu, maji yanapita mia na hayachemki. Mfaransa Gay-Lussac aliliona hilo mwaka 1818: maji ndani ya chombo cha kioo yalichemka kwenye nyuzijoto 101 na zaidi kidogo. Akatia unga wa kioo, zikashuka. Akatia vumbi la chuma, zikarudi mia barabara. Mwaka 1861, Louis Dufour wa Lausanne, Uswisi, alifanya jambo lililonisimamisha nywele. Alitia matone ya maji ndani ya mafuta, ili yasiguse ukuta wowote, akaongeza moto. Matone yakafika nyuzijoto 178 bila kuchemka. Yalipoguswa na kitu kigumu, yakalipuka kuwa mvuke.

Maji ndani ya mafuta, halafu kitu kigumu kinayagusa. Dufour aliandika kuhusu mkono wangu miaka 148 kabla sijauunguza.

Hivyo sheria ya kwanza na ya tatu zikawa wazi. Kigae kikavu kimejaa vitundu, na kila kitundu kimejaa hewa: ni mfuko wa mbegu. Ukikitia na baridi, mbegu zinaanza kazi mapema na maji hayapati nafasi ya kujilimbikizia moto. Ukikitia wakati maji yameshapita kiasi, unafungua milango mia kwa mara moja.

Sheria ya pili, ile ya kigae kilicholala majini, ndiyo iliyowasumbua wataalamu muda mrefu zaidi. Na hapa ndipo nilipokutana na mtu anayeitwa Max Jakob.

Jakob alizaliwa Ujerumani mwaka 1879. Alifanya kazi miaka kama ishirini na mitano Berlin, kwenye taasisi ya taifa ya sayansi na vipimo. Zama zile kila kitu kilikwenda kwa mvuke. Hata kwenye ziwa letu: meli Graf von Götzen ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande ndani ya masanduku, ikaungwa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isichukuliwe na adui. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 imeitwa Liemba. Ilikwenda kwa boila za mvuke mpaka miaka ya 1970, ilipowekewa injini za dizeli. Kwa hiyo swali la jinsi ya kuyachemsha maji haraka zaidi kwa ukuta mdogo zaidi wa chuma halikuwa mchezo wa shule. Lilikuwa swali la meli, treni na umeme.

Mwaka 1931 Jakob na mwenzake Fritz walitoa majibu ya majaribio yao. Walikuwa wamechukua bamba wakalikwaruza kwa kulipiga mchanga, na jingine wakalichonga mifereji membamba sana, kama nyavu. Bamba la mchanga lilisaidia kidogo, si zaidi ya asilimia 15, na msaada wenyewe ukaisha ndani ya siku moja. Bamba la mifereji lilikuwa habari nyingine kabisa: lilipitisha joto kwenye maji yanayochemka karibu mara tatu kuliko bamba laini. Mara tatu! Lakini baada ya siku chache nalo likalala. Likawa sawa na mengine.

Kwa nini? Kwa sababu mifereji ilikuwa wazi. Kidogo kidogo hewa iliyojificha ilitoka na viputo, maji yakaingia mpaka chini, mbegu zikaisha. Bamba la Berlin lilikuwa kigae kilicholala majini. Bibi angemwambia alianike.

Hawakupata muda wa kuliendeleza. Mwaka 1933 Hitler alishika madaraka. Jakob alikuwa Myahudi. Mwaka 1936, akiwa na miaka 57, aliacha nchi yake na maabara yake, akaenda Marekani. Sijui wangapi kati yetu wanaweza kupima maana ya kuanza upya na miaka 57, Bibi angeweza. Jakob alifundisha Chicago, kwenye chuo ambacho baadaye kilikuja kuwa Illinois Institute of Technology, akaandika kitabu kikubwa kuhusu mwendo wa joto, akafundisha kizazi kizima cha wahandisi wa nchi iliyompokea. Alifariki huko mwaka 1955. Tangu 1961 kuna tuzo yenye jina lake, nayo ni miongoni mwa heshima kubwa kabisa kwa watu wa fani hiyo.

Ninalitaja hili kwa ajili ya wafanyakazi wa mashirika wanaosoma jarida letu, na kwa ajili yetu wenyewe. Tunazoea kuhesabiwa kwa midomo ya kulisha. Orodha haina safu ya kuandika mtu amekuja na nini kichwani.

Kitendawili cha Jakob kilifunguliwa miaka ya 1960, tena Marekani, na mtu aliyekuwa tayari bingwa wa vitundu. Robert Milton wa kampuni ya Union Carbide alikuwa ametengeneza kwanza madini ya maabara yenye vitundu vidogo mno vya kuchujia gesi. Baadaye akageukia kuchemka. Badala ya kukwaruza chuma, alichukua unga wa chuma, akaupaka juu ya bomba, akauchoma kwa moto mpaka chembe zikashikana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na bomba, bila kuyeyuka zote. Likapatikana gamba jembamba, gumu, lenye vitundu kila mahali. Hati yake ya kumiliki ugunduzi huo ilitolewa mwaka 1968.

Ukiangalia vizuri, Milton alitengeneza chungu cha Batwa kwa chuma. Unga unaochomwa mpaka ushikane na kuacha nafasi katikati: hiyo ndiyo kazi ya mfinyanzi. Tofauti ni mbili, na zote ni kubwa. Kwanza, vitundu vyake havikuwa mifereji iliyo wazi kama ya Jakob. Vilikuwa mapango yenye mdomo mdogo, yaliyounganishwa chini kwa chini. Kiputo kikitoka mdomoni, mvuke mwingine unabaki ndani ya pango; na pango likijaa maji, jirani yake analipa mvuke. Mbegu haziishi. Pili, chuma kinapitisha joto, udongo haupitishi vizuri. Ukuta wa Milton uliweza kupitisha joto hata mara kumi kuliko ukuta laini, na haukulala baada ya wiki. Mabomba ya namna hiyo yakaingia kwenye viwanda vya gesi na kemikali. Leo hata ndani ya baadhi ya simu kuna kibamba chembamba cha shaba chenye tone la maji na kitambaa cha unga wa shaba uliochomwa hivyo hivyo; maji yanachemka upande wa moto na kurudi kuwa maji upande wa baridi, ili simu isiunguze mkono. Inawezekana unayo mfukoni.

Ndugu msomaji, hapa nilipofika nilipandwa na kiburi. Nikajiambia: tatizo letu kubwa kambini ni kuni. Kila mtu anajua maana ya mwanamke au msichana kutoka nje ya kambi kutafuta kuni, na nini kinaweza kumkuta huko. Kama ukuta wenye vitundu unapitisha joto mara kumi, basi sufuria yenye vitundu itakula kuni chache! Nikachora michoro. Nikaenda kwa mfanyakazi mmoja wa shirika, kijana mhandisi, nikamweleza saa nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza neno moja: "Umepima?"

Sikuwa nimepima. Nikarudi nyumbani. Nikachukua sufuria mbili za alumini za saizi moja, maji ya kipimo kimoja, kuni kutoka furushi moja, saa ya simu. Moja nikatia vigae vikavu, nyingine hapana. Nilirudia jioni tano. Yenye vigae ilichemka kwa utulivu, haikuruka, lakini haikuwahi. Siku nyingine ilitangulia, siku nyingine ikachelewa, ilitegemea upepo zaidi kuliko kigae.

Nilivunjika moyo, nikarudi kusoma, nikaelewa kosa langu. Joto linaposafiri kutoka kwenye moto hadi ndani ya maji linapita milango mitatu: kutoka kwenye ndimi za moto hadi kwenye sufuria, kupitia ukuta wa sufuria, kisha kutoka ukutani kuingia kwenye maji. Milton aliupanua mlango wa tatu. Kwenye viwanda huo ndio mara nyingi unaobana. Kwetu kwenye mafiga matatu mlango wa tatu uko wazi tayari. Unaobana ni wa kwanza. Joto jingi linapita kando ya sufuria na kwenda kuwapasha ndege. Hata ungekuwa na sufuria ya vitundu vya dhahabu, hakuna kitakachobadilika.

Na tusidanganyane kuhusu lile gamba jeupe linaloota ndani ya birika na sufuria zilizochemsha maji ya Ziwa Tanganyika. Nalo lina vitundu, ni kweli, na mtu anaweza kudhani linafaa. Lakini ni jiwe, na jiwe linazuia joto. Mafundi wa boila duniani kote wanalikwangua. Kitundu peke yake hakitoshi. Lazima kitundu kiwe ndani ya kitu kinachopitisha moto.

Baada ya hapo nikapima nilivyopaswa kupima tangu mwanzo: jiko la udongo lililozungusha sufuria karibu karibu, mfuniko juu, kuni zilizokauka. Hapo tofauti niliiona bila saa. Kila jioni nilibakiza kuni. Kwa hiyo dada zetu wanaofinyanga majiko hapa kambini walikuwa sahihi kabla yangu, na wala hawakuhitaji Berlin.

Sasa mtu ataniuliza: basi kigae kina faida gani kwetu? Nitajibu kwa habari ya Kagunga.

Mei 2015 tulitoka tena Nyanza-Lac. Safari hii nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulishuka ziwani, tukavuka mpaka hadi Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya maji na mlima mkali. Makumi ya maelfu ya watu kwenye ufuko mmoja. Tulikunywa ziwa lile lile tulilooga, lile lile watoto walilojisaidia kandokando yake. Kipindupindu kikaja. Watu walikufa kabla hawajapata nafasi ndani ya meli. Meli yenyewe ilikuwa Liemba: ilisimama mbali kidogo na ufuko, tukapelekwa kwa mitumbwi, ikatubeba hadi Kigoma, kisha mabasi hadi hapa.

Siku zile za Kagunga kuni zilikuwa vijiti vya kuokota na vipande vya ngalawa. Kila mtu alichemsha kidogo na kuepua haraka. Mama alikuwa na sufuria moja. Jirani yetu, mama mwenye watoto watatu, aliona viputo vidogo vimejaa pembeni mwa chombo chake, akasikia maji yanavuma, akainua mkono kuepua. Mama akamshika.

"Yanayoimba hayajachemka," akamwambia. "Subiri yanyamaze."

Mama alikuwa amefundishwa hilo na Bibi, na Bibi alilisema kuhusu mapipa ya mawese. Leo najua kwa nini ni kweli. Viputo vya kwanza, vile vidogo vinavyokaa ukutani, ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji. Vinaonekana maji yakiwa bado ya uvuguvugu. Kisha mvuke unaanza kuzaliwa kwenye vitundu vya chini, lakini maji ya juu bado ni ya baridi, kwa hiyo kila kiputo kinapanda kidogo na kupasuka kikiwa njiani. Maelfu ya vifo hivyo vidogo ndiyo sauti tunayoita kuimba. Maji yote yakishapata moto, viputo havifi tena njiani. Vinafika juu vikubwa, sauti inakuwa nzito na ya chini, uso mzima unageuka. Hapo vijidudu vya kipindupindu haviko hai, na huhitaji kuendelea kupoteza kuni.

Sisi kwenye ufuko ule hatukuwa na kipimajoto hata kimoja. Kipimo chetu kilikuwa viputo, na aliyejua kuvisoma aliwalinda wake kwa vijiti vile vile walivyokuwa navyo wengine. Yule jirani na watoto wake watatu walifika Kigoma. Siwezi kusema ni kwa ajili ya maji yale tu. Ila najua alichokunywa.

Hiyo ndiyo faida ninayoiona. Kigae hakikutuokolea kuni, na aliyesoma mpaka hapa akitafuta sufuria ya ajabu, naomba radhi. Kilichotusaidia ni jicho la mtu aliyekaa miaka mingi mbele ya maji yanayochemka, akayaheshimu, akatunga sheria, akamfundisha binti yake hata kwenye nchi isiyo na mchikichi. Majina ya Gay-Lussac, Dufour, Jakob na Milton yamo vitabuni kwa sababu waliandika. Mama wa Bibi hakuandika. Mfinyanzi wa Kitwa aliyemuuzia chungu hakuandika. Waliyoyajua yalivuka mpaka mara nne ndani ya vichwa vya watu: 1972, 2008, 2015 na kila aliyebaki njiani alikwenda na sehemu yake, mara ya nne ni hapa, kwenye karatasi hii.

Siku hizi mazungumzo ya kurudi yamejaa kila pembe ya kambi. Wapo wanaotaka, wapo wanaoogopa, wapo wasiojua. Sitamwambia mtu afanye nini. Ila kabla hatujatawanyika tena, nawaomba wazee wetu, hasa akina mama: kaeni na kijana mmoja mwenye daftari. Mwambieni mnavyojua kwamba mawese yameiva, kwamba udongo unafaa kwa jiko, kwamba ndagala amekauka vya kutosha asioze safarini. Msiseme "ni mambo ya jikoni tu." Na ninyi vijana, mkiambiwa sheria bila sababu, iandikeni hivyo hivyo. Sababu inaweza kuja baadaye, hata kama ni miaka mingi baadaye na kwa lugha nyingine.

Juu ya mafiga yetu, kwenye kibati, nina vigae vinne. Nilivipata kwenye chungu cha jirani kilichovunjwa na mwanawe akicheza mpira. Mama anapochemsha maharage anatia kimoja, chini kabisa, kabla hajawasha. Nikimsogelea kumsaidia ananiuliza kila mara, na kila mara anautazama mkono wangu kwanza: "Umekikausha?"